Lance Spearman, mpelelezi wa ‘filamu’ iliyochapishwa karatasini

LANCE Spearman ni mpelelezi wa kubuni aliyevuma barani Afrika mwishoni mwa miaka ya 1960 na mwanzoni mwa miaka ya 1970 kupitia jarida la African Film. Ingawa jarida hilo lilijiita filamu, hapakuwa na mkanda uliozungushwa kwenye mtambo wala pazia jeupe lililotundikwa ukutani. Kisa kizima kilisimuliwa kwa picha za mnato, zikapangwa ukurasa baada ya ukurasa, na maneno ya wahusika yakaandikwa ndani ya viputo kama vya vibonzo.

Wasomaji wa Nairobi, Lagos na Accra walilisubiri kila toleo kwa hamu. Humo walimwona mwanamume mweusi aliyevaa nadhifu, akaendesha gari la kifahari, akafumbua mafumbo ya mauaji na wizi, na kuwatia majambazi mbaroni bila kuamrishwa na mzungu yeyote. Katika miaka ambapo picha nyingi zilizoonyeshwa katika kumbi za sinema za Afrika Mashariki zilitoka Marekani, Uingereza na India, hilo lilikuwa jambo kubwa.

Sifa ya pili ya hadithi hizo ni uchache wa gharama. Zilithibitisha kwamba msisimko wa filamu ya upelelezi unaweza kupatikana bila studio, bila maabara ya kusafishia mikanda na bila mtambo wa sauti. Somo hilo lina uzito hadi leo katika maeneo kama Kinanie, Kaunti ya Machakos, ambako kijana anayetaka kusimulia kisa kwa picha huanza na alichonacho mkononi.

Chimbuko la filamu za bei nafuu

Filamu ya upelelezi iliyotengenezwa kwa fedha kidogo ni zao la Hollywood ya miaka ya 1930 na 1940. Wakati huo kumbi nyingi za Marekani zilionyesha filamu mbili kwa tiketi moja. Ya kwanza ilikuwa na nyota wakubwa na gharama kubwa. Ya pili ilikuwa fupi, mara nyingi ya dakika 60 hadi 70, nayo ilipigwa kwa siku chache. Kampuni ndogo kama vile Monogram na PRC zilijipatia riziki kwa filamu za namna hiyo.

Hadithi za upelelezi zilifaa mno biashara hiyo. Kisa cha vita au cha historia huhitaji umati, farasi na majengo. Kisa cha mauaji huweza kufanyika ndani ya nyumba moja: maiti sebuleni, washukiwa watano au sita, mlango uliofungwa kwa ndani na mpelelezi anayeuliza maswali. Hata giza lilikuwa na faida, maana kivuli kiliongeza hofu huku kikificha kuta za mbao zilizoazimwa.

Mfano unaojulikana ni mfululizo wa Charlie Chan, mpelelezi aliyebuniwa na mwandishi Earl Derr Biggers. Kampuni ya 20th Century-Fox ilipouacha, mwigizaji Sidney Toler aliendelea nao chini ya Monogram kuanzia mwaka wa 1944 kwa gharama ndogo zaidi. Hali kadhalika Basil Rathbone aliigiza Sherlock Holmes katika filamu 14 kati ya mwaka wa 1939 na 1946. Kumi na mbili za mwisho zilitengenezwa na Universal zikiwa filamu fupi za gharama ya wastani.

Sinema chini ya ukoloni

Katika Afrika Mashariki, filamu za uhalifu zilitazamwa na watawala kwa jicho la shaka. Kenya ilipata sheria ya kudhibiti michezo ya jukwaani na maonyesho ya sinema mapema mwaka wa 1912. Chini ya udhibiti wa kikoloni, baadhi ya picha zilizoruhusiwa kuonyeshwa kwa Wazungu zilikatwa au kuzuiwa mbele ya watazamaji Waafrika. Hoja iliyotolewa ni kwamba Mwafrika angejifunza ujambazi kutokana na picha, au angepoteza heshima kwa mtawala akimwona mzungu akiiba au kuua.

Badala yake Waafrika walitengenezewa filamu za mafunzo. Kati ya mwaka wa 1935 na 1937, mradi uliokuwa na makao Vugiri, milimani Usambara, Tanganyika, ulitoa filamu 35 kuhusu kilimo, afya, kodi na uwekaji akiba. Zilipigwa kwa mkanda mwembamba wa milimita 16, na sauti ikatoka kwenye santuri iliyochezwa sambamba na picha. Baadaye magari ya sinema ya serikali yalizunguka vijijini yakionyesha picha za aina hiyo hiyo.

Mwanzoni mwa miaka ya 1950, serikali ya Tanganyika iliikaribisha kampuni ya African Film Productions ya Johannesburg kutengeneza filamu za kuburudisha kwa lugha ya Kiswahili. Miongoni mwazo ni Muhogo Mchungu, ambayo nyota wake alikuwa Rashidi Mfaume Kawawa, aliyekuja kuwa Waziri Mkuu. Kampuni hiyo isichanganywe na jarida la African Film, lililozaliwa zaidi ya miaka kumi baadaye.

Drum na mpelelezi wa kweli

African Film lilikuwa tawi la shughuli za kampuni ya Drum, iliyomilikiwa na Jim Bailey wa Afrika Kusini. Jarida la Drum lenyewe lilianza mwaka wa 1951 na likawa na matoleo ya Afrika Magharibi na Afrika Mashariki. Kwa njia hiyo Bailey alikuwa na ofisi, wauzaji na wasomaji katika miji mikuu ya bara hili hata kabla ya nchi nyingi kupata uhuru.

Drum ilikuwa imewahi kuwa na mpelelezi wa nyama na damu. Mwanahabari Henry Nxumalo, aliyefahamika kwa wasomaji kama Bwana Drum, alifichua mwaka wa 1952 mateso ya vibarua katika mashamba ya viazi ya Bethal. Baadaye alijifanya mkosaji mdogo ili afungwe gerezani Johannesburg, akatoka na ushahidi wa namna wafungwa weusi walivyodhalilishwa. Hatimaye aliuawa kwa kuchomwa visu akiwa katika uchunguzi mwingine.

Kampuni iliyomchapisha Nxumalo ndiyo iliyomleta Spearman miaka kumi hivi baada ya kifo chake. Tofauti kati ya wapelelezi hao wawili ndiyo inayozua maswali mazito zaidi kuhusu jarida la African Film, kama itakavyoonekana hapa chini.

Spear alikuwa nani?

Jina Spear, ambalo maana yake ni mkuki, lilikuwa kifupisho cha Spearman. Sura yake iliigizwa na Jore Mkwanazi wa Afrika Kusini, aliyekuwa amefanya kazi za nyumbani na kupiga piano kabla ya kuitwa mbele ya kamera. Alifuga ndevu za kidevuni, akavaa kofia ya pama na suti iliyomkaa vyema, akavuta sigara nene na kupenda wiski yenye barafu.

Wasomaji walimfananisha na James Bond, ambaye filamu yake ya kwanza, Dr. No, ilitoka mwaka wa 1962. Ulinganisho huo una msingi, kwani magari ya kasi, wanawake warembo na maadui wenye mitambo ya ajabu ni mambo yaliyotoka huko moja kwa moja. Hata hivyo, Spear alikaribia zaidi wapelelezi wa filamu za bei nafuu. Aliwategemea marafiki wachache, akatumia ngumi mara nyingi kuliko vifaa, na kila kisa kikaishia kwa siri kufichuliwa.

Aliandamana na watu watatu ambao msomaji aliwatambua mara moja. Sonia alikuwa msaidizi wake, mwanamke jasiri aliyejua kujitetea. Lemmy alikuwa mvulana mwerevu aliyejipenyeza mahali ambapo mtu mzima angeshukiwa. Kapteni Victor alikuwa afisa wa polisi aliyempa Spear ushirikiano wa dola. Upande wa pili walikuwepo wahalifu waliorejea toleo baada ya toleo, akiwemo Rabon Zollo.

Kampuni hiyo ilitoa pia jarida la Boom, ambalo shujaa wake aliitwa Fearless Fang, mtu wa msituni aliyefanana na Tarzan. Spear alikuwa kinyume chake kabisa: mtu wa jiji, wa lami, simu na ghorofa.

Namna zilivyotengenezwa

Picha zilipigwa Swaziland, nchi ambayo sasa inaitwa Eswatini, na Afrika Kusini. Sehemu ya miswada iliandikwa na wanafunzi wa chuo kikuu nchini Lesotho. Waigizaji walisimama katika mkao uliotakiwa, mpigapicha akabonyeza, kisha wakahamia mkao uliofuata. Mhariri alichagua picha, akazipanga na kuongeza maneno.

Nafuu ya gharama inaonekana wazi kwa kupiga hesabu. Filamu ya milimita 35 hupita kwenye kamera kwa picha 24 kila sekunde, sawa na picha 1,440 kwa dakika. Dakika moja hula takriban mita 27 za mkanda. Filamu ya saa moja huhitaji picha 86,400 na zaidi ya mita 1,600 za mkanda, hata kama hakuna tukio lililorudiwa. Kisa cha kurasa 30 chenye picha sita kila ukurasa huhitaji picha 180 tu. Hiyo ni sawa na sekunde saba na nusu za sinema.

Usambazaji nao ulikuwa rahisi. Filamu ilihitaji ukumbi, umeme na mtu wa kuendesha mtambo. Jarida lilihitaji mwanga wa jua au wa kibatari. Nakala moja ilisomwa na mnunuzi, kisha ikapita kwa ndugu, wanafunzi wenzake na majirani hadi karatasi ikachakaa. Kiingereza chake kilikuwa chepesi, na aliyekwama kwenye maneno aliweza kufuata kisa kwa picha. Walimu na wazazi wengi waliyaona magazeti ya namna hiyo kama upotevu wa wakati, lakini wapo waliozoea kusoma kwa Kiingereza kupitia kwayo.

Kitendawili cha siasa

Spear alikuwa huru kupita mwafrika yeyote aliyeishi katika nchi alikobuniwa. Afrika Kusini ya miaka hiyo ilikuwa chini ya sheria za ubaguzi wa rangi. Mwafrika alilazimika kubeba pasi, hakuruhusiwa kuishi alikotaka, na afisa mweusi hakuwa na mamlaka juu ya mzungu. Katika kurasa za African Film vizuizi hivyo havikuonekana. Jiji la Spear lilikuwa la Waafrika tupu: polisi, matajiri, wanasayansi na wezi.

Wapo walioliona hilo kuwa ukombozi wa fikira. Kijana wa Kenya, ambaye nchi yake ilikuwa imepata uhuru Desemba 1963, alionyeshwa jiji la kisasa lenye wenyewe. Wengine waliliona kuwa ukwepaji. Mpelelezi aliyesifika kwa kufichua kila siri aliizunguka siri iliyokuwa wazi kuliko zote, yaani dola lililowanyima wananchi wake haki. Nxumalo aliingia gerezani kuitafuta siri hiyo, ilhali Spear aliishi kana kwamba gereza hilo halikujengwa.

Hoja zote mbili zina nguvu, wala moja haifuti nyingine. Jarida lililopigiwa picha zake chini ya serikali ile lisingedumu kama lingeigusa. Ndiyo maana kazi ya kuutaja uhalifu huo katika hadithi za upelelezi ilifanywa na waandishi wa Afrika Mashariki. Hilary Ng’weno wa Kenya alitoa The Men from Pretoria mwaka wa 1975, riwaya inayohusu maajenti wa Afrika Kusini. Mtanzania Elvis Musiba, aliyembuni jasusi Willy Gamba katika Kufa na Kupona mwaka wa 1974, alimpeleka shujaa wake kupambana na vibaraka wa makaburu katika Kikosi cha Kisasi.

Wapelelezi wa Kiswahili

Ni kosa kudhani kwamba Spear ndiye aliyeleta upelelezi katika fasihi ya ukanda huu. Muhammed Said Abdulla wa Zanzibar alichapisha Mzimu wa Watu wa Kale mwaka wa 1960. Mpelelezi wake, Bwana Msa, ni mtu wa kiko na fikra, anayeambatana na rafiki yake Najum kama Holmes anavyoambatana na Watson. Faraji Katalambulla naye alitoa Simu ya Kifo mwaka wa 1965, ambamo Inspekta Wingo anafuatilia mauaji jijini.

Katalambulla ndiye kiungo kati ya riwaya na hadithi za picha. Baada ya Spear kupata umaarufu, alianzisha Dar es Salaam jarida la Film Tanzania, lililosimulia visa kwa picha za mnato na maneno ya Kiswahili. Jina lenyewe linaonyesha kwamba wasomaji walikuwa wamekwisha kukubali kuiita hadithi ya picha filamu. Tofauti ni kwamba mitaa, mavazi na lugha sasa vilikuwa vya nyumbani.

Ukambani nao ulitoa jasusi wake. Mwandishi David Maillu, mzaliwa wa Kilungu, eneo lililokuwa sehemu ya Wilaya ya Machakos kabla ya kuundwa kwa Makueni, alimbuni Benni Kamba, ajenti nambari 009, katika The Equatorial Assignment ya mwaka wa 1980. Nambari hiyo ni kejeli ya wazi kwa 007 wa Uingereza.

Kufifia kwa Spear

Kufikia katikati ya miaka ya 1970, African Film lilikuwa limetoweka vibandani. Ladha ya vijana ilikuwa imehamia kwenye picha za karate na kung fu, hasa baada ya Enter the Dragon ya Bruce Lee mwaka wa 1973. Wachapishaji wa humu nchini walijaza pengo. Jarida la Joe, lililoanzishwa Nairobi mwaka wa 1973 na Ng’weno pamoja na mchoraji Terry Hirst, lilileta ucheshi na vibonzo kuhusu maisha ya mwananchi wa kawaida.

Jaribio la kutengeneza filamu halisi ya kusisimua nchini Kenya halikuwa rahisi. Gordon Parks Mdogo, mwelekezi Mmarekani wa filamu ya Super Fly, alifariki katika ajali ya ndege nchini Kenya mnamo Aprili 1979 alipokuwa katika shughuli za filamu. Mwaka huo huo Meja Mwangi alichapisha The Bushtrackers, riwaya kuhusu vita dhidi ya majangili iliyotokana na mswada wa filamu wa Gary Strieker.

Machakos na Kinanie

Kaunti ya Machakos ina historia yake ya karibuni katika fani hii. Kabla ya kuchaguliwa gavana wa kwanza wa kaunti hiyo mwaka wa 2013, Alfred Mutua aliandaa Cobra Squad, mfululizo wa runinga kuhusu kikosi cha polisi wanaopambana na wahalifu. Chini ya uongozi wake kaunti ilianzisha mradi wa Machawood, uliolenga kuwapa vijana vifaa na nafasi ya kutengeneza filamu.

Kinanie iko katika eneobunge la Mavoko, upande wa Athi River. Ni mahali pa nyika, machimbo ya mawe, mashamba yanayogeuzwa ploti na viwanda vinavyoinuka, likiwemo eneo lililotengwa kwa viwanda vya ngozi. Mtunzi wa visa vya upelelezi hana haja ya kwenda mbali kutafuta maudhui hapa. Hati mbili za kiwanja kimoja, mlinzi anayetoweka usiku, lori linalopita bila taa: hayo ni mafumbo ambayo mkazi wa pembezoni mwa jiji huyaelewa bila kufafanuliwa.

Vifaa havimzuii tena kama vilivyomzuia mtu wa mwaka wa 1968. Simu ya kawaida hurekodi picha na sauti bila mkanda wala maabara. Gharama iliyobaki ni ya mswada, waigizaji, usafiri na chakula, pamoja na leseni. Sheria ya Filamu na Michezo ya Jukwaani, ambayo ni Sura ya 222 ya Sheria za Kenya, humtaka anayepiga filamu ya kuonyeshwa hadharani kupata idhini. Mtengenezaji chipukizi anayeipuuza huweza kuona kazi ya miezi ikizuiwa siku moja.

Jambo ambalo Spear hakuliacha kwa bahati ni mpangilio. Kwa kuwa hapakuwa na mwendo wala sauti, kila picha ililazimika kubeba hatua moja ya kisa, na ushahidi wa mwisho uwe umeonyeshwa tayari katika kurasa za mwanzo. Anayepanga kisa chake kwa picha 180 kabla ya kuwasha kamera atagundua mapengo ya hadithi wakati kuyaziba hakugharimu chochote.

Nakala zilizosalia

Magazeti ya African Film yalichapishwa ili yasomwe na kutupwa. Mengi yalifungiwa sukari na karanga madukani, mengine yaliliwa na mchwa. Yaliyosalia yamo mikononi mwa wakusanyaji, katika maktaba chache na katika masanduku ya familia ambazo hazijui thamani yake.

Kila nakala ni ushahidi wa mambo mawili: namna Waafrika walivyotaka kujiona katika muongo wa kwanza wa uhuru, na namna mtu asiye na studio alivyoweza kuwapa picha hiyo. Aliyebahatika kuipata aihifadhi mahali pakavu pasipo jua, asiikunje wala kuibandika gundi, na aandike kando nambari ya toleo pamoja na mahali ilikopatikana. Jina la Lance Spearman bado linatajwa na wazee waliolisoma shuleni kwa kificho. La Jore Mkwanazi, aliyempa uso, linajulikana na wachache mno.